Tiketi zikiwa chache, shabiki wa mkoani apimwe kwa mizani gani?

MEI 2025 klabu ya Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mchezo wa kwanza ulichezwa Berkane, Morocco, Mei 17 na Simba ikalala kwa mabao 2-0. Mchezo wa marudiano, ambao wengi walitarajia ungechezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, ulihamishiwa New Amaan, Zanzibar, baada ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF) kutoridhishwa na hali ya eneo la kuchezea la Mkapa. Mei 25 timu hizo zikatoka sare ya 1-1 na kombe likaenda Morocco.

Mpira wenyewe umeshaandikwa vya kutosha katika kurasa za michezo. Mimi ni mchumi wa kilimo na ukurasa huu ni wa wakulima na wafanyabiashara, hivyo hesabu iliyonivutia ni nyingine. Uwanja wa Mkapa una viti 60,000. New Amaan unachukua watu takriban 15,000. Kwa uamuzi mmoja, robo tatu ya nafasi zilitoweka, na hamu ya watu haikupungua kwa kiasi hicho, ingawa sasa ilibidi wavuke bahari.

Nina jamaa yangu Njombe, mkulima wa viazi mviringo na mahindi, Simba damu. Miezi miwili kabla ya fainali ile alikuwa amesafiri hadi Dar es Salaam kwa ajili ya mechi ya watani wa jadi iliyopangwa Machi 8. Wasomaji wanakumbuka yaliyotokea: usiku wa kuamkia mechi Simba ilitangaza kwamba haitacheza baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani, na siku yenyewe Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo. Ulikuja kuchezwa Juni 25 na Yanga ikashinda 2-0. Jamaa yangu alirudi Njombe na jezi mpya na mfuko mtupu.

Mei alinipigia simu. "Mdogo wangu, wewe uko Dar, nitafutie tiketi ya Zanzibar."

Nilihangaika siku mbili. Nikamwambia, "Kaka, sijapata. Kuna kijana ameniahidi moja, lakini bei yake si ya kilicho andikwa kwenye tiketi."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa hao waliopata, wamepataje?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027 zilikabidhiwa kwa Kenya, Uganda na Tanzania Septemba 2023, na mojawapo ya viwanja vilivyopangiwa mashindano hayo ni uwanja mpya wa Arusha wa watu 30,000. Tiketi zitakuwa chache kuliko watu. Na wanaokosa mara nyingi si wakazi wa mjini. Ni mkulima, mchuuzi wa gulioni na mwenye duka la kijijini.

Tuanze na jambo ambalo kila muuza nyanya analijua. Bidhaa ikiwa chache na bei ikabaki chini, lazima kuna kitu kingine kitakachoamua nani apate. Kinaweza kuwa foleni. Kinaweza kuwa kujuana. Kinaweza kuwa orodha au bahati nasibu. Bei ikikatazwa kufanya kazi ya kugawa, kazi hiyo haifutiki, inahamia kwa mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni mlanguzi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Klabu inauza viti 15,000 kwa Sh10,000 kila kimoja. Walanguzi wananyakua 3,000 kati yake na kuviuza kwa Sh40,000. Tofauti ni Sh30,000 kwa kiti, yaani Sh90 milioni kwa mchezo mmoja. Fedha hizo zimetoka mfukoni mwa shabiki lakini hazikwenda kwenye mishahara ya wachezaji, wala kwenye kodi, wala kwenye kupunguza ukali wa maisha ya shabiki mwingine. Ni faida ya kusimama katikati, kama ile ya mtu anayenunua mpunga ukiwa bado shambani kwa sababu anajua mwenye shamba ana ada ya shule ya kulipa.

Wapo wachumi wenzangu watakaosema dawa ni rahisi: klabu ipandishe bei hadi Sh40,000, mlanguzi akose kazi na fedha ziingie klabuni. Kwa bidhaa ya kawaida ningekubali. Kwa mpira nasita, na sababu yangu ni ya kibiashara kabla ya kuwa ya huruma. Shabiki si mnunuzi tu wa mchezo. Ni sehemu ya mchezo unaouzwa. Mwaka 2021 Azam Media iliingia mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya Sh225.6 bilioni na Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) kuonyesha Ligi Kuu. Televisheni inaponunua ligi inanunua pia ngoma, vuvuzela na uwanja uliojaa. Uwanja wa watu waliokaa kimya na simu zao hauna thamani ileile. Anayepiga kelele kwa dakika 90, kwa kawaida, si yule mwenye uwezo wa kulipa bei ya juu kabisa.

Ipo sababu nyingine. Fainali huja mara chache. Katikati ya msimu kuna mechi za siku za kazi, mvua inanyesha, timu imepoteza michezo miwili mfululizo. Anayelipa kiingilio siku hiyo ndiye anayeiweka klabu hai. Klabu ikimtoza huyo bei ya mlanguzi siku ya sherehe, imemwambia kwamba kumbukumbu zake hazina thamani. Mwaka unaofuata naye atakaa nyumbani, au kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, ambako kiingilio ni kidogo na maji ya kunywa yapo karibu.

Wanachama wa vyama vya ushirika wataielewa hoja hii haraka. Bei ya kahawa au korosho ikiwa nzuri, wanunuzi wa pembeni hujaa vijijini. Kuna wanaouza kwa kangomba, kuna wanaouza kahawa ikiwa ingali maua, ambayo Kagera huitwa butura. Bei ikianguka, wote hao hurudi AMCOS na kudai huduma. Chama chenye busara hulipa malipo ya pili kwa kufuata kilo zilizoandikwa kwenye daftari, si kwa kufuata nani anapiga kelele zaidi mkutanoni. Aliyeleta kilo 500 analipwa za kilo 500. Hakuna anayemwuliza kama anakipenda chama.

Kanuni hiyo ndiyo wenzetu wa Uingereza wameihamishia kwenye tiketi. Katika Ligi Kuu ya huko timu ngeni hutengewa tiketi 3,000, au asilimia 10 ya uwezo wa uwanja pale uwanja unapokuwa mdogo. Klabu kubwa ina mashabiki wengi zaidi ya hao 3,000 walio tayari kusafiri. Msimu wa 2016/17 klabu zilikubaliana kwamba tiketi ya mgeni isizidi Pauni 30, kwa hiyo bei haigawi tena. Kinachogawa ni kumbukumbu: klabu huangalia nani amesafiri mara ngapi, na wenye safari nyingi hununua kwanza. Aidha, sheria ya mwaka 1994 iliyafanya mauzo ya tiketi za mpira bila idhini kuwa kosa la jinai England na Wales. Hata utaratibu wenyewe wa kuuza tiketi mapema una historia ya maumivu. Mwaka 1923, katika fainali ya kwanza ya Kombe la FA kuchezwa Wembley, watu waliruhusiwa kulipia getini. Uwanja ulijengwa kwa watu kiasi cha 125,000 na waliofurika wanakadiriwa kufika 200,000 au zaidi, hadi wakajaa kwenye eneo la kuchezea. Kuanzia fainali iliyofuata, tiketi zikawa zinauzwa kabla.

Mfumo wa kumbukumbu una mvuto kwa sababu haubahatishi. Lakini una mtego, na hapa ningependa msomaji anifuate taratibu, kwa sababu mtego huo ndio unaomnasa mtu wa mkoani.

Mwenye alama nyingi anapata tiketi. Akipata tiketi anakwenda. Akienda anaongezewa alama. Kijana wa miaka 18 aliyeanza kuipenda timu mwaka huu hana alama, kwa hiyo hapati tiketi, kwa hiyo hapati alama. Baada ya miaka kumi, wanaosafiri ni walewale, wenye mvi. Baadhi yao hawasafiri tena. Wanakabidhi kadi kwa mpwa au jirani ili alama zisikatike, na daftari linaendelea kuandika kwamba mzee alikuwepo. Klabu kadhaa za Uingereza zimelazimika kutenga sehemu ya tiketi kwa kura ili wageni nao wapate pa kuanzia.

Mtego wa pili ni umbali. Alama huhesabu mara, hazihesabu gharama. Mkazi wa Temeke anaweza kutembea kwa miguu hadi Mkapa. Mechi kumi na mbili kwa mwaka hazimtoi jasho sana. Tumfanyie hesabu jamaa yangu wa Njombe, karibu kilomita 700 kutoka hapo. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni Sh80,000, kulala usiku mbili Sh40,000, chakula Sh30,000, na siku tatu ambazo shamba na genge havina mwenyewe. Tayari ni Sh150,000 kabla hatujagusa tiketi ya Sh10,000. Akija mara moja ametumia zaidi ya mwenzake wa Temeke aliyekwenda mara kumi na mbili kwa kiingilio hichohicho, kwani huyo ametumia Sh120,000. Daftari la mahudhurio litasema mmoja ana alama 12 na mwingine ana 1.

Na ikitokea mechi imeahirishwa, kama Machi 8, thamani ya tiketi ni sehemu ndogo kabisa ya hasara yake. Hata akirudishiwa Sh10,000, nani atamrudishia nauli?

Kwa hiyo simaanishi kwamba kumbukumbu zitupwe. Namaanisha zipimwe kwa mizani inayojua barabara ni ndefu kiasi gani.

Wenye mashindano makubwa kuliko yote wamelijaribu tatizo hili na wakajikwaa mbele ya dunia nzima. Kwa Kombe la Dunia la 2026, lililopangwa Marekani, Canada na Mexico, FIFA ilitumia kwa mara ya kwanza bei zinazopanda kulingana na mahitaji. Iliweka pia soko lake lenyewe la kuuziana tiketi, na ikawa inachukua asilimia 15 kwa muuzaji na asilimia 15 kwa mnunuzi. Mtu wa kawaida angeweza kuuliza hapo mlanguzi ni nani. Desemba 2025 ilipofahamika kwamba hata tiketi za fungu la mashabiki wa timu husika zingeanzia Dola 4,185 kwa fainali, vyama vya mashabiki wa Ulaya vilikuja juu. Siku chache baadaye FIFA ikatangaza tiketi za Dola 60 kwa kila mchezo, fainali ikiwamo, na kuviachia vyama vya soka vya nchi vichague mashabiki waaminifu kwa vigezo vyao.

Ilisikika kama ushindi. Tufanye hesabu. Kila timu ilitengewa asilimia 8 ya viti vya uwanja. Za Dola 60 ni asilimia 10 ya hizo. Uwanja wa watu 70,000 unatoa tiketi 5,600 kwa mashabiki wa timu moja, na katika hizo 560 ndizo za Dola 60. Watu 560 kwa nchi nzima. Fungu likiwa dogo hivyo, kigezo cha kugawa kinakuwa na uzito kuliko bei. Ukiwa na tiketi 560 na maelfu wanaostahili, kila kigezo utakachochagua kitaonekana cha upendeleo, na pale ambapo chama cha nchi hakina daftari la kuaminika, upendeleo utakuwa wa kweli.

Somo la kigezo sisi tunalo nyumbani, na tulilipia ada kubwa. Kuanzia msimu wa 2008/09 Serikali ilitoa vocha za pembejeo, zilizobeba karibu nusu ya gharama ya mbolea na mbegu bora za mahindi au mpunga. Mbolea ya ruzuku ilikuwa chache kuliko wakulima, kama tiketi ya fainali. Kwa utaratibu, mkutano mkuu wa kijiji ulichagua kamati ya vocha, kamati ikaandaa orodha ya kaya, na orodha ikarudishwa mbele ya wanakijiji. Pale iliposomwa kwa sauti, mtu kwa mtu, ilikuwa vigumu kuingiza jina la shemeji anayeishi mjini. Pale ambapo haikusomwa, sote tunajua.

Lakini kulikuwa na kasoro hata kwenye vijiji vilivyofuata taratibu. Mkulima alitakiwa kuongeza nusu yake taslimu, wakati wa kupanda, akiwa hana kitu. Wengi walisaini vocha na kuiacha kwa wakala kwa fedha kidogo. Kwenye karatasi waliofaidika ni wakulima maskini; mbolea ilikwenda kwingine. Walichofanya si uhuni. Ukimpa mtu haki asiyoweza kuitumia, ataiuza kwa anayeweza.

Ruzuku ilipofufuliwa msimu wa 2022/23 kwa mfumo wa kidijitali, mkulima alisajiliwa na kununua kwa namba yake. Karatasi ya kuuza ikawa haipo, ingawa umbali hadi kwa wakala na foleni zilibaki, na kwa watu wa vijiji vya pembezoni umbali huo ulikula sehemu ya ruzuku yenyewe. Mwenye kilomita 40 za bodaboda hadi dukani hanunui mbolea kwa bei ileile na aliyepo mjini, hata kama risiti zao zinafanana.

Nikirudi uwanjani, naona tunavyo vifaa vingi kuliko tunavyodhani. Mkapa unatumia tiketi za kielektroniki za N-Card. Kadi inapoguswa getini inaacha kumbukumbu. Simba na Yanga zote zina wanachama waliosajiliwa na matawi kila kona ya nchi. Kinachokosekana ni kuunganisha vitu hivyo viwili, ili aliyekuja kwenye mechi ya Jumatano yenye majukwaa matupu ajulikane siku ya fainali. Sharti ni kwamba kadi iwe na jina la mtu mmoja. Kadi inayozunguka mtaa mzima haimjui anayeibeba.

Kama ningeulizwa namna ya kugawa viti 15,000 vya siku ile ya Amaan, ningeanza kwa kutangaza hadharani, wiki mbili kabla, ni vingapi vimetolewa bure kwa viongozi, wadhamini na wageni. Hilo pekee lingepunguza nusu ya manung'uniko. Katika vinavyobaki, nusu ningewauzia wenye kumbukumbu za mahudhurio ya msimu huo na uliotangulia, basi. Sitaki kumbukumbu za miaka ishirini, maana hizo ndizo zinazofunga mlango kwa vijana. Theluthi moja ningeipeleka mikoani kwa uwiano wa wanachama waliosajiliwa kila mkoa. Kilichobaki kiuzwe wazi kwa anayewahi, kwa sababu yupo shabiki asiye na kadi wala tawi, na wala si kosa lake.

Kwenye fungu la mikoa ndipo ningekuwa mkali. Viongozi wa matawi wasipewe mamlaka ya kuchagua. Si kwamba ni watu wabaya kuliko wengine. Kamati za vocha nazo zilikuwa na watu wazuri. Ni kwamba mtu mwenye tiketi 40 na wanachama 600 hawezi kukaa kwa amani mtaani kwake. Kura ipigwe mbele ya watu, majina yasomwe, na waliokosa wajue wamekosa kwa bahati. Mkulima hanung'uniki sana mvua ikimkosa pamoja na jirani yake. Hunung'unika akiona maji ya mfereji yanapinda kuelekea shamba la mwenyekiti.

Aliyepata tiketi kwa njia hizi akishindwa kwenda, airudishe kwa muuzaji kwa bei ileile na impe anayefuata kwenye orodha. Bila njia hiyo halali ya kurudisha, shabiki aliyefiwa siku mbili kabla ya mechi anageuka mlanguzi bila kupenda.

Wapo watakaosema gharama ya kukagua majina getini ni kubwa na foleni zitakuwa za hatari. Hoja hiyo naikubali kwa mechi za kawaida. Mei 28, 2023, siku Yanga ilipocheza na USM Alger fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho, msongamano nje ya Mkapa uligharimu maisha ya shabiki mmoja na wengine wakajeruhiwa. Agosti 2025, wakati wa mashindano ya CHAN, vurugu za mageti ya Kasarani jijini Nairobi ziliifanya CAF ipunguze watazamaji hadi 27,000 katika mchezo wa Kenya, pungufu sana ya uwezo wa uwanja ule. Wasiokuwa na tiketi waliwapunguzia nafasi wenye nia ya kununua. Ila matukio hayo yanaonyesha kwamba foleni tunayo tayari. Hivi sasa mwenye tiketi ya mzunguko analazimika kufika asubuhi kwa mechi ya jioni kwa sababu tiketi yake haina namba ya kiti. Ameshalipa, bado anagombea. Muuza mitumba wa Karume aliyefunga meza yake tangu saa mbili asubuhi amelipa kiingilio mara mbili, cha pili ni mauzo ya siku nzima. Kiti chenye namba kingemruhusu auze hadi saa tisa ndipo aondoke.

Limebaki jambo moja ambalo sijaliona likijadiliwa, nalo linawahusu wasomaji wa ukurasa huu kuliko wengine wote. Ni tarehe ya kuuza. AFCON ya 2027 ilipangwa kuwa katikati ya mwaka. Kwa mashindano ya ukubwa huo tiketi huanza kuuzwa miezi kadhaa kabla, na kwa kawaida mtandaoni. Mtu mwenye mshahara, Januari au Desemba ni kwake sawa. Kwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini, kipindi cha Desemba hadi Februari ni cha mbolea, palizi na ada. Fedha zake huonekana mahindi yakishavunwa, kuanzia Juni na kuendelea. Tiketi zote zikiuzwa Januari, hakuna haja ya kuweka kigezo chochote cha kumzuia. Kalenda itakuwa imemzuia.

Vyama vya ushirika na benki zimekuwa zikishughulika na tatizo hili kwenye pembejeo kwa miaka mingi: mkulima anachukua sasa, anakatwa wakati wa mauzo. Sioni kwa nini tawi au AMCOS lisiweze kuweka dhamana ya tiketi 20 za wanachama wake kwa utaratibu huohuo, au waandaaji wasibakize fungu moja litakalouzwa wiki za mwisho, mikoani, kwa fedha taslimu au kwa simu. Jambo hilo linahitaji uamuzi kabla dirisha la kwanza la mauzo halijafunguliwa, kwa sababu tiketi ikishauzwa hairudi.

Jamaa yangu nimemweleza haya yote kwenye simu. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama huko Arusha viazi vina bei, maana ikibidi aende, atapakia gunia kumi kwenye fuso ili nauli irudi.